Dobi wa hospitali aliyepima mapema mno

Saa mbili kasoro asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Wanawake wawili wameshika shuka, kila mmoja pembe mbili. Wanalinyoosha, wanalikung'uta, wanasogeleana hadi pembe zikutane. Pua kwa pua. Kisha wanarudi nyuma na kuanza upya.

"Mume wangu hajanisogelea hivi tangu mwaka juzi," anasema mmoja, na mwenzake anaangua kicheko ndani ya barakoa.

Aliyetania ana miaka arobaini na saba. Kazini wanamwita Bi Mkunjo, kwa kuwa mashuka yake hukaa kabatini kama karatasi. Kwa siku moja, wawili hao hukunja mashuka mia mbili na arobaini.

Ni kusogeleana huko huko kulikomtia kwenye majuto asiyoyamaliza.

Alhamisi moja mwaka jana alikunja na mwenzake aliyekuwa akikohoa. Ijumaa mwenzake akakutwa na virusi vya korona. Jumamosi asubuhi Bi Mkunjo akapimwa. Kipimo kikaonyesha mstari mmoja: hana.

"Muuguzi aliniambia, 'Uko salama, mama, nenda zako.' Nikaenda. Nilivyokuwa na hamu na baba yangu!"

Alikaa naye siku mbili. Alimkata kucha, akamnyoa ndevu, taratibu, uso kwa uso. Jumatatu koo likaanza kumwasha. Alipopima tena, mistari ikawa miwili. Baba, mwenye miaka themanini na mmoja, alilazwa wiki hiyo hiyo. Hakurudi nyumbani.

"Watu wanasema kipimo kilinidanganya. Hakikunidanganya. Mimi ndiye niliyekiuliza kabla hakijajua."

Daktari mmoja wa hospitali hiyo anasema kosa hilo ni la wengi. Virusi huchukua siku kadhaa kuongezeka mwilini hadi kipimo kivione. Asiye na dalili asubiri siku tano kamili tangu alipokuwa karibu na mgonjwa, apime, kisha arudie baada ya siku mbili kabla ya kuwaendea wazee. "Mwenye dalili apime mara moja, na asiende," anaongeza.

"Sasa ndiyo wanasema," anajibu Bi Mkunjo, akikung'uta shuka kwa nguvu kuliko linavyohitaji.

Jumatatu ya wiki hii alikunja na mwenzake mwingine, ambaye kesho yake alikutwa na virusi. Likizo ya Bi Mkunjo, siku nne, ilikuwa ianze Jumamosi, na mama yake anamngoja. Mdogo wake wa kiume, anayeishi na mama, amempigia simu.

"Dada, baba ameshaondoka. Mama tuachie."

Alimwomba msimamizi amsogezee likizo. "Likizo si shuka, uikunje utakavyo," akajibiwa. Mwishowe amesogezewa siku mbili tu kati ya nne. Nyingine zimepotea.

Atapima Jumapili, arudie Jumanne, kisha apande basi. Mkobani atabeba kipimo cha tatu.

"Nitamkabidhi mdogo wangu, anipime mwenyewe pale nje," anasema. "Dakika kumi na tano nitasimama mlangoni kama mgeni. Ukitokea mstari mmoja, anifungulie. Ikitokea miwili, nitamsalimia mama dirishani, niondoke."