Nilifuta Ushahidi, Mtunza Bundi Akafukuzwa

Kosa ni langu, wala simtafuti mtu wa kulibeba pamoja nami. Yupo aliyelibeba peke yake tayari, na ndiyo sababu naandika.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye bustani ndogo ya wanyama, kati ya Kilifi na Malindi. Nilitakiwa kuwafanya wageni wajifunze, wasiishie kupiga picha na kuondoka. Nikafunga vishikwambi mbele ya vizimba: unagusa picha, unasoma, unasikia sauti ya mnyama.

Nilichojivunia zaidi ni kile cha bundi. Watoto wa shule walikuwa wakifika pale wanaziba masikio, maana nyumbani wameambiwa bundi akilia mtu atakufa. Nikaweka kitufe cha mlio. Wakibonyeza mara ya tatu, ya nne, wanaanza kucheka. Nikajiona mwalimu kweli.

Mtunzaji wa bundi hao nitamwita Mama Dama. Wenzetu kazini walimtania: "Mama Dama, jana ulimtuma bundi kwa nani?"

"Kwako," akajibu. "Kumbe hukumsikia? Basi walala sana wewe."

Tulicheka. Lakini nilijua kwamba mtaani kwake majirani hawakuipenda kazi ile.

Bundi jike alipotaga na kuanza kulalia mayai, Mama Dama alinijia. "Mwanangu, hicho kitu chako kizime kidogo. Huyu dume adhani kuna bundi mwingine kaingia kwake. Hatulii, na mkewe hatulii."

"Nitazima, mama."

Sikuzima. Nilianza kufikiri, na mimi nikianza sikomi. Nikizima, meneja atauliza kwa nini. Nikimweleza, ataona mradi una kasoro. Akiona kasoro, atajuta kuniajiri. Nikapunguza sauti kidogo, nikajiambia hiyo yatosha.

Wiki hiyo wanafunzi walikuja kwa makundi. Siku ya tatu bundi jike aliondoka kwenye mayai, asirudi tena. Mayai yakapoa.

Usiku nilifungua kishikwambi. Kilikuwa kikihifadhi saa ya kila mguso. Siku ile kitufe kilibonyezwa mfululizo tangu asubuhi hadi jioni. Nikaifuta orodha yote kabla hajaiomba mtu.

Kesho yake meneja alituita ofisini. "Nani alikuwa akiingia kizimbani?"

Mwenye ufunguo alikuwa Mama Dama peke yake. "Mimi huingia mara moja tu, bwana, kuweka chakula," akasema. "Hao ndege wamesumbuliwa na ile sauti. Muulize kijana huyu, mashine yake huandika kila kitu."

Meneja akanigeukia. "Inaonyesha nini?"

"Haionyeshi kitu, bwana. Ilikuwa na hitilafu."

Meneja akamwambia Mama Dama kwamba kazi yake imekwisha. Mama akauvua ufunguo shingoni, akauweka mezani, akatoka. Sikuweza kumtazama.

Kwa wiki nyingi nilikuwa nikijitetea kimoyomoyo: labda mayai yalikuwa mabovu, labda ni joto. Sikuamini hata moja. Mwishowe nilimwambia meneja ukweli. Alinigombeza, akakiondoa kitufe, kisha akasema nafasi ya Mama Dama imeshapata mtu.

Nikamfuata sokoni, anakouza mchicha siku hizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuniita mwanangu.

Nikamweleza yote, hata la kufuta. Alinisikiliza huku akiendelea kufunga mafungu yake.

"Meneja umemwambia. Vyema," akasema. "Na majirani zangu? Wao wasema nilikuwa nikiwatumia wale ndege kwa uchawi, ndipo nikafukuzwa. Dama shuleni hakuna anayekaa naye. Hao utawaambia lini?"

Nilirudi nyumbani nikaandika haya, na nilipoyasoma upya nikaona aibu nyingine: hata hapa nimejificha. Sikutaja jina langu, wala jina lake la kweli. Mtaani kwake hakuna atakayejua kwamba hiki kisa ni chake.

Kwa hiyo Jumapili hii nitakwenda. Naogopa, nimeshapanga maneno na kuyapangua mara nyingi, lakini nitakwenda.

Nawe unayeweka mitambo mbele ya wanyama ili watu wajifunze, msikilize anayewalisha. Na ukikosea, sema siku ile ile, mbele ya wale wale. Mimi nilifuta kwa kidole kimoja, na sasa itanibidi niseme mlango kwa mlango.