Supu Niliyoikataa Mara Moja Tu

Nasoma chuo huku ng'ambo, mjini Irving, lakini adabu zangu ni za Mombasa. Kwetu mgeni hakubali chakula mara ya kwanza. Unasema umeshakula, mwenyeji anakubembeleza, ndipo unakula mpaka unalegeza mshipi.

Jumamosi iliyopita Claire, Mfaransa ninayesoma naye, alinialika kwao Plano kwa chakula cha mchana. Asubuhi sikunywa hata chai, nikiweka nafasi. Mama yake alipotaka kunipakulia supu, nikajibu, "Ahsante mama, nimeshakula."

Yule mama akaniamini. Akaondoa sahani yangu, kijiko na uma. Kuku akapita, viazi vikapita, jibini ikapita, nami natabasamu na gilasi ya maji. Walikaa mezani saa mbili nzima.

Nilipoaga nikaingia duka la jirani, nikanunua mkate mrefu na kuutafuna palepale nje. Nimefika katikati, mama Claire huyo, kaja kununua maziwa. Akautazama mkate, akayatazama mashavu yangu.

"Yusufu," akaniuliza kwa upole, "kumbe kwenu mnakula chakula cha mchana mara mbili?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Sikuweza hata kukataa.