Tambi Mbele ya Mama Mkwe

Ukitaka kujua kama chakula kina heshima, jaribu kukila mbele ya mama mkwe wako. Ugali una heshima. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, una heshima. Tambi za Kichina hazina hata chembe.

Mama mkwe wangu aliishi peke yake Kwa Vonza, magoti yamechoka, na mke wangu alitaka ahamie kwetu Emali. Mama wa watu alikataa. Si kwamba alinichukia. Ni nthoni, ile heshima ya wakwe tuliyolelewa nayo sisi Wakamba: mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, na kula pamoja ndiyo usiseme.

“Nitakula wapi kwa nyumba ya huyo mtu?” alikuwa akiuliza.

Mwaka mzima jibu likawa hilo. Simu ikilia alfajiri mke wangu anashika kifua, nami nilimwonea huruma kuliko nilivyojua kusema.

Basi akapata hila. Karibu na stesheni kuna mpishi aliyewapikia Wachina waliojenga reli, na sasa amefungua kibanda cha vyakula vyao. Mke wangu alisema pale si kwetu wala si kwa mama yake, kwa hiyo nthoni haitajua imkamate nani. Mama mkwe akakubali, na tulipofika sote watatu tulikuta kibanda kina meza moja.

Tulianza na vinyama vilivyofungwa kwa unga na kupikwa kwa mvuke. Mama mkwe aliombea chakula, akaiombea reli, akawaombea na Wachina, vikapoa. Kisha akauma kimoja akiwa ameelekea ukuta.

“Ni samosa,” akamwambia binti yake. “Lakini hawakuwa na mafuta.”

Zikaja bakuli za tambi. Vijiti vyake vya kulia mama akavitia kwenye mkoba, akaomba uma. Mke wangu akainuka kwenda kuleta wali mtamu wa embe, na nina hakika hakuwa na haraka yoyote.

Tukabaki wawili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvuta tambi moja, na haikuwa na mwisho. Nikiikata, itaanguka kwenye bakuli kama nimetema. Nikiivuta, nitapiga mluzi mbele ya mama mkwe. Nikaiacha inining'inie kidevuni, macho kwenye mlango, jasho linanitoka.

Ndipo nikasikia mluzi. Haukuwa wangu.

Halafu nikasikia sauti yake ikiuambia ukuta, “Mtu akivuta mara moja, hachafui shati.”

Nikavuta mara moja.

“Asante, mama,” nikauambia mlango.

Mke wangu aliporudi alitukuta tumepeana mgongo, bakuli zote mbili tupu. Akaweka wali mezani. Mama akaonja wali, akasikitika kwamba embe zinaoza Makueni nzima na hakuna aliyewahi kufikiria kuzipa wali. Akamaliza wake na wa binti yake.

Mwezi uliofuata alihamia kwetu. Jioni ya kwanza nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa barazani, nisimsumbue. Nikamsikia akiburuta viti mle ndani, magoti yake yakilalamika. Nilipochungulia, kiti chake alikuwa amekielekeza ukutani, na changu mlangoni.

“Mwambie aingie,” alimwambia mke wangu. “Chakula kinapoa.”