Maji ya Majivu

Mama mkwe alikuja kutoka Iramba kunilelea mtoto, maana likizo yangu ya uzazi ilikuwa imekwisha. Mimi ni mhudumu wa zahanati huku Manyoni. Nadeki, nafua mashuka, na ndimi ninayewasha kichomea taka.

Mchana mmoja nilirudi kunyonyesha nikamkuta uani ameweka chungu chenye matundu juu ya sufuria. Chunguni alijaza majivu, akawa anayamiminia maji taratibu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Ndivyo tunavyopata magadi ya kulainishia mlenda. Lakini majivu yale hayakuwa ya jikoni kwangu.

"Shikamoo mama. Haya majivu umeyatoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kwenye shimo la kazini kwako. Mengi, mnayatupa bure."

Nilitaka kuyamwaga palepale. Kumwaga kazi ya mama mkwe mbele yake si jambo dogo. Nilikaa chini, nikamweka mtoto kwenye titi, ndipo nikasema.

"Mama, yale si ya mabua. Tunachoma sindano, plastiki, hata betri za mashine za vipimo huponyoka zikaingia humo. Moto unaua vijidudu, ila risasi na madini mengine hayaungui. Yanabaki kwenye majivu."

Aliacha kumimina maji.

"Kwa hiyo maji yanayatoa, kama yanavyotoa magadi."

"Ndiyo, mama."

Hakununa. Alibeba sufuria na chungu mwenyewe mpaka shimoni, akavitupa vyote, akarudi ananawa mikono kwa sabuni. Kisha akaniuliza, "Na mvua ikinyesha pale shimoni, hayo maji yanakwenda wapi?"

Semina ya uchomaji taka nilikaa siku mbili, na swali hilo sikuliuliza. Shimo letu lilikuwa wazi, halina sakafu, na bondeni chini yake kuna kisima.

Kesho yake nilimweleza mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu. Niliogopa atanicheka, badala yake alichukua kofia, tukaenda kulitazama pamoja. Wiki hiyo hiyo alikwenda wilayani. Wakaja watu wa maji wakachota sampuli kisimani, na majibu yaliporudi, maji yalikuwa salama. Majivu yakahamishwa, shimo likajengwa kwa saruji chini na pembeni, likapauliwa bati na kuwekewa mlango wa kufuli.

Plasta ilipokauka, mama mkwe alifika na mtoto mgongoni. Alimwaga ndoo ya maji shimoni, akasubiri, akainama kuangalia kama yanapungua.

"Yametulia," akasema.

Mganga mfawidhi alimwamkia, akamuuliza kama ameridhika.

"Nimeridhika, baba. Ila huyu mkwe wangu mpeni na glovu nene."

Nilizipata. Naye, aliyekuja kwa mwezi mmoja, alikaa nasi mpaka mtoto akasimama dede.