Kaburi la Mgomba

Nikiwa mtoto pale Igogo, Mwanza, nilikatazwa kuvuka maji. Wenzangu walipanda kivuko kwenda Kamanga kusalimia ndugu zao; mimi niliishia ufukweni. Aliyeweka katazo hilo ni Bibi, mama yake Baba. Nilipewa jina la binti yake, Kokugonza, aliyepigwa risasi wakati wa vita vya Kagera. Familia ilikuwa ikikimbia, akaangukia mtoni, na mto ule huingia katika ziwa letu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mwili haukupatikana.

"Asiyezikwa humvuta mwenye jina lake," Bibi aliniambia. "Ukiingia majini atakushika."

Baba hakuamini, lakini hakumbishia mama yake. Shuleni, Siku ya Mashujaa, tuliimba sifa za askari waliokufa vitani. Nilimuuliza mwalimu kama shangazi yangu naye yumo. Akasema yule alikuwa raia tu.

Nilipokuwa darasa la tano, binamu yangu Rehema alinishawishi twende Kamanga. Nyumbani nikadanganya kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Tulipofika katikati, magugumaji yaliyosukumwa na upepo yakatuzingira. Kijani kila upande, maji hayaonekani. Kivuko kikasimama, tukakaa juani saa nyingi. Watu wazima walilalamikia samaki wao kuharibika. Mimi nilishikilia chuma cha pembeni, nikijua ni nani aliyetushika.

"Shikamoo, Shangazi," nilinong'ona. "Niachie, nirudi nyumbani."

Alasiri upepo uligeuka, magugu yakaachana, tukarudishwa Mwanza.

Bibi alikuwa ufukweni, bila viatu. Nilisubiri kofi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulimwona?"

"Hapana, Bibi. Nilimsalimia tu."

Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, akalia. Sikuwahi kumwona analia.

Jumamosi iliyofuata alimwambia Baba akate mgomba nyuma ya nyumba, uzikwe badala ya mwili usiopatikana, kama ilivyo desturi ya kwao. Wakauvisha gauni, wakauzungushia shuka nyeupe, wakachimba shimo kati ya mawe. Katekista alipofika akasita.

"Mama, siwezi kuusalia mgomba."

"Usiusalie," Bibi alimjibu. "Msalie mwanangu."

Akasali. Nilisimama pembeni ya shimo nikisikia jina langu likitajwa pamoja na neno marehemu. Tangu siku hiyo niliruhusiwa kuvuka. Nimevuka mara nyingi, na sijawahi kuvuka kwa raha.

Bibi alishafariki. Siku hizi kijijini kwao kuna ukuta wenye majina ya raia waliouawa, na kila mwaka padri huyasoma kwenye misa. Mwaka jana nilienda. Waliposoma Kokugonza nilikaribia kuitika. Watu waliweka maua, wakapiga picha, na mimi nikapiga. Nilifurahi kwamba sasa anatajwa mbele ya watu, ila nilijiuliza Bibi angesema nini kuhusu ukuta usio na shimo chini yake.

Juzi binti yangu, ambaye ana miaka kumi na minne, aliomba ruhusa kwenda Ukerewe na wanafunzi wenzake. Nilikataa kabla hajamaliza kusema. Ndipo nilipomwelewa Bibi. Hakuwa akiliogopa ziwa. Kumzika binti yake kulimaanisha kukubali kwamba harudi tena, na hilo lilimchukua miaka mingi. Katika miaka hiyo yote, Kokugonza pekee ambaye Bibi aliweza kumzuia asiondoke nilikuwa mimi.