Maotea ya Mibuni ya Itaka

Nilimhukumu Lusubilo kabla ya kumfahamu. Niliposikia kwamba katika miezi yake kumi na minne ya gerezani, huko Zambia, karibu kila ujumbe aliowatumia watoto wake ulihusu mibuni, nilimwona kuwa baba anayeijali kahawa kuliko damu yake.

Alifungwa kwa kosa ambalo mtu wa Tunduma, mpakani, hulifanya bila kujua kuwa ni kosa. Kule, kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kununua sukari ni sawa na kwenda duka la jirani. Wengi hawabebi hati. Siku moja alipanda lori lililobeba magunia yake ya maharage. Lori likaipita Nakonde, likaendelea kusini, naye akaendelea nalo akiwa na kitambulisho cha mpiga kura tu mfukoni. Walipofika kwenye kizuizi cha barabarani, hakuwa na kibali chake wala cha mzigo.

Nyumbani Itaka, wilayani Mbozi, aliacha watoto wawili ambao mama yao alikwisha kufariki. Ukoo ukawagawana: Ombeni, mwenye miaka kumi na mitatu, akachukuliwa na bibi yake wa kijiji cha Hasamba, na Angel, mwenye miaka tisa, akabaki kwa shangazi yake, Ferista, palepale Itaka. Habari hiyo ilimuumiza Lusubilo kuliko kifungo chenyewe. Aliogopa kwamba akitoka atawakuta wamekuwa watoto wa nyumba mbili, hawazoeani, na yeye ni mgeni kwa wote.

Wafungwa walikuwa wakiuza kabichi za shamba la gereza kando ya barabara kuu, na Salum, dereva wa Tunduma, alizoea kusimama hapo.

“Baba Ombeni, umeoa huku nini? Mbona hurudi?”

“Mwambie Ferista, kila Jumamosi watoto wakate maotea kwenye mibuni, yale machipukizi yanayonyonya shina. Wakate wote wawili. Angel ashike shina, Ombeni akate.”

“Mimi dereva, si bwana shamba. Watoto wanamlilia baba, wewe unawatumia machipukizi?”

“Wewe fikisha tu.”

Salum akafikisha, huku akinung’unika. Safari iliyofuata akarudi na majibu.

“Binti yako anasema kaka yake anakata vibaya na hasikii akiambiwa. Kaka mtu naye anasema huyo anashika shina kama anamshika kuku mgonjwa.”

Lusubilo alicheka mpaka askari magereza akageuka kumtazama. Siku hiyo alipalilia matuta matatu ya kabichi bila kuhisi mgongo. Toka hapo hakukosa kutuma agizo: Jumamosi hii safu ya juu, ile safu ya bondeni, na kila mara wawe wawili.

Alipoachiwa, alivuka mpaka kwa hati iliyogongwa muhuri, akafika Itaka Jumamosi mchana. Akapitiliza hadi shambani. Watoto walikuwa wameinama kwenye mbuni mmoja, wakibishana. Angel ndiye aliyemwona kwanza, na hakuliachia shina.

“Baba, mwambie Ombeni asinikate vidole.”

Akamwambia, kama mtu aliyeondoka asubuhi ile. Kisha akaketi chini katikati yao.

Yapata mwaka baadaye ndipo Ferista aliponieleza mimi, nisiyewahi kulima kahawa, jambo ambalo kila mkulima wa Mbozi analijua: maotea ya mbuni hukatwa na mtu mmoja, na hakuna haja ya mtu wa kushika shina.