Mpira Mdogo Kwenye Mwanya wa Béatrice

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kliniki mlango ukiwa bado umefungwa, nikasimama nje nikijiuliza kama koti langu halikuwa jeupe kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, na kila jambo nililifikiria mara tatu. Mkuu wa huduma ya meno, mama mwenye mikono myepesi na maneno mafupi, aliigundua tabia hiyo upesi.

"Mugonjwa anauliza choo iko wapi, weye unamuuliza kama anakulaka sukari! Uko dokta ao uko polisi?"

Kisha akaingia Béatrice, msichana wa Kasungami aliyekuwa akingoja harusi yake. Meno yake mawili ya mbele, yaliyoachana kwa mwanya, yalikuwa yakitikisika, na ufizi umevimba.

"Ni fizi tu," mkuu alisema. "Safisha, andika dawa, ita mwingine."

Nilisafisha, lakini sikutulia. Fizi nyingine zote zilikuwa nzima. Kwa nini ugonjwa uchague meno mawili tu? Nikamuuliza Béatrice kama aliwahi kuyafanyia kitu.

"Niliweka kaoutchouc," akanong'ona. "Kale kadogo ka kufungia nywele. Balinambia kanakaza mwanya mbele ya ndoa. Lakini kalianguka."

"Uliona vile kalianguka?"

"Weye nayo, Dokta! Asubui niliangalia mu kioo, hakakuwako tena."

Mpira haukuwa umeanguka. Jino ni jembamba kuelekea mzizi, kwa hiyo mpira huteleza, huzama ndani ya ufizi na kuendelea kukata kinachoshika jino kwenye mfupa. Hata radiografi, ile picha ya eksirei, haiuonyeshi; huonyesha mfupa ulioliwa tu.

Nilimpiga picha hiyo; mkuu akaitazama, akavaa glavu. Tulitia ganzi, tukainua ufizi, naye akauvuta mpira kwa koleo ndogo. Meno yale tukayafunga na jirani zake kwa waya mwembamba ili yasing'oke.

"Sasa mueleze," akaniambia. "Ni weye uliuliza."

Nikamweleza yale niliyoyarudia baadaye katika kliniki ya Kasomeno, kisha ile ya mtaa wa Annexe hadi mwisho wa kazi yangu. Vyuma vya kunyoosha meno, zile bague, husukuma polepole, kwa sababu mfupa lazima uyeyuke upande mmoja na ujengwe upande wa pili. Ni kazi ya miezi mingi, tena ya mtaalamu. Rezini yenye rangi ya jino huziba mwanya kwa siku moja, lakini haisogezi kitu. Vigamba vya kauri vinavyobandikwa juu ya jino hupendeza, ila mara nyingi jino hukwanguliwa kwanza, na kilichokwanguliwa hakirudi.

"Na miye nifanye nini?"

"Acha yapone kwanza."

Yalipona. Aliolewa akiwa na mwanya wake, na meno yake yote.

Sasa nimestaafu, na majirani huniuliza waende kwa daktari gani wa meno. Nawaambia wasitazame kiti kipya wala picha za watu wanaocheka ukutani. Daktari mzuri aulize kabla ya kugusa. Akuonyeshe mfupa wako kwenye picha. Akuambie pia kama unaweza kuacha jino lilivyo. Mimi bado nazungusha kila jambo kichwani mara tatu, na sijutii.

Juzi Béatrice alikuja na binti yake wa mwisho, mwenye mwanya ule ule, akitafuta daktari. Nikamtajia mmoja wa karibu. "Ila anaulizaka sana," nikamwonya.

Béatrice akamgeukia mtoto. "Njo huyo tunatafuta! Utamujibia yote, hata akikukasirisha."

Akacheka, mwanya wazi.